Kiingilio cha mechi za G League ni nafuu, lakini familia hutumia kiasi gani hadi inaporudi nyumbani?

#1 – Mkazi wa Portland (mleta uzi)

Wadau wa mpira wa kikapu, salaam. Mara nyingi humu watu huulizana kama mechi za G League zinaweza kweli kuziba pengo kwa familia isiyomudu tiketi za NBA, na jibu huwa moja tu: ndiyo, ni rahisi. Naomba leo tulichambue jambo hili kwa kina, kwa sababu naamini bei iliyoandikwa kwenye tangazo siyo inayoamua kama familia itarudi tena. Klabu nyingi zinashindana kupunguza kiingilio, ilhali kinachowafukuza watu ni gharama zinazokizunguka.

Kwa wasioifahamu ligi hii, ni ligi ya NBA ya kulea wachezaji, na ilianza mwaka 2001 ikiwa na timu 8, zote za miji ya wastani ya kusini-mashariki mwa Marekani, kama vile Asheville, Roanoke, Huntsville na Fayetteville. Mwaka 2005 ikaanza kuitwa D-League, na mwaka 2017 ikachukua jina la G League kutokana na udhamini wa kinywaji cha Gatorade. Msimu wa 2024–25 ilikuwa na timu 31, maana kila timu ya NBA sasa ina timu yake ya chini, na ya 31 ni Capitanes ya Mexico City. Tusiifananishe na ligi daraja la kwanza tuliyoizoea kwenye soka, kwani hapa hakuna kupanda wala kushuka daraja. Timu ikitwaa ubingwa inabaki palepale. Wanaopanda kwenda NBA ni wachezaji, mmoja mmoja, na pengine kwa taarifa ya saa chache. Shabiki anayenunua tiketi Jumatatu ili amwone mfungaji anayempenda siku ya Ijumaa anaweza kufika ukumbini na kukuta kwamba mchezaji huyo aliitwa juu usiku wa Alhamisi.

Kwa hiyo klabu ya G League haiwezi kuuza jina la mchezaji kwa uhakika, na wala haiwezi kuuza ndoto ya kupanda daraja. Inachoweza kuuza ni jioni yenyewe: ukaribu na uwanja, sauti ya kocha inayosikika hadi kiti cha mwisho, mtoto kugonganisha viganja na mchezaji anayeelekea chumba cha kubadilishia nguo. Pia inauza nafasi ya kumwona mtu kabla dunia haijamjua. Waliokuwa wakienda Mississauga, Kanada, mwaka 2017 walimwona Pascal Siakam wa Kamerun akiwa mchezaji bora wa fainali wakati Raptors 905, timu ya chini ya Toronto Raptors, ilipotwaa ubingwa wa ligi hii, na miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa NBA. Andre Ingram alicheza miaka kumi katika ligi hii kabla Lakers hawajampa nafasi, na usiku wa tarehe 10 Aprili 2018, akiwa na umri wa miaka 32, akafunga pointi 19 katika mechi yake ya kwanza ya NBA. Mashabiki waliomshangilia miaka yote hiyo katika kumbi ndogo walipata kitu ambacho hakuna tiketi ya bei kubwa inayoweza kukinunua.

Hapa Portland, jimbo la Maine, timu yetu ni Maine Celtics, iliyoanza mwaka 2009 kwa jina la Red Claws na kubadilishwa jina mwaka 2021 baada ya Boston Celtics kuinunua. Inacheza katika Portland Expo, jengo la jiji lililokamilika mwaka 1915, lenye nafasi ya watu wapatao 3,000. Baadhi yenu mnalijua jengo hili kwa sababu nyingine. Kiangazi cha mwaka 2019, na tena kuanzia Aprili hadi Agosti 2023, liligeuzwa makazi ya dharura ya watu walioomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, na vitanda vya kukunja vikatandikwa sakafuni. Kuna familia katika mji huu ambazo paa lao la kwanza Marekani lilikuwa la ukumbi wa kikapu. Ninapozungumzia nani anaweza kumudu kuingia katika ukumbi ule msimu wa mechi, nazungumzia watu hao pia.

Sasa tuje kwenye hesabu. Katika timu nyingi za ligi hii tiketi ya chini kabisa huwa kati ya dola 10 na 20. Tuchukue mfano wa familia ya watu watano na kiingilio cha dola 12, ambacho tangazo lolote litakiita bei poa. Tiketi tano ni dola 60. Ukinunua kupitia programu ya simu, ada ya huduma ikiwa dola 4 kwa kila tiketi, unaongeza 20. Maegesho yakiwa dola 10, na kila mmoja akila soseji ya mkate na soda kwa dola 9, jumla inafika dola 135. Kiingilio ambacho klabu inajivunia hakijafika hata nusu ya kilichotoka mfukoni. Klabu ikiamua kupunguza tiketi kwa dola 2, familia hiyo itaokoa dola 10 tu, na huenda isihisi chochote.

Jambo linaloniudhi zaidi ni ada. Mfuko unaweza kupanga bajeti ya bei kubwa, lakini haupendi kushtukizwa. Kwa bahati nzuri serikali kuu iliingilia kati: kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho iliyoanza kutumika tarehe 12 Mei 2025 inawataka wauzaji wa tiketi za matukio kuonyesha bei kamili, pamoja na ada zote za lazima, tangu mwanzo. California ilikuwa imetangulia na sheria yake ya Julai 2024. Lakini tuelewane kwamba kanuni hiyo haikufuta ada, bali imezitoa mafichoni.

Naomba michango yenu, hasa mnaoishi katika miji mingine yenye timu. Je, kwenu kinachowazuia ni kiingilio, au ni mambo mengine?

#2 – Mama Lubumbashi (Grand Rapids)

Ndugu mleta uzi, asante kwa kufungua mjadala huu. Mimi niko Grand Rapids, jimbo la Michigan, ambako sisi Wakongomani tuko wengi, na makanisa yetu yana ibada za Kiswahili. Hesabu yako naikubali, lakini naomba kuongeza mambo mawili ambayo hayaonekani kwenye risiti.

La kwanza ni ukubwa wa ukumbi. Timu yetu, Gold, ilihama mwaka 2022 kutoka DeltaPlex, ukumbi uliofungwa mwaka huohuo, ikaingia Van Andel Arena katikati ya jiji, wenye viti zaidi ya 10,000. Jengo ni zuri, safi, lina vyoo vya kutosha, na mtu mwenye kiti cha magurudumu anahudumiwa vizuri. Ila mashabiki elfu mbili au tatu katika ukumbi wa viti elfu kumi hawafanani na idadi hiyohiyo katika ukumbi unaowatosha. Kelele hupotea darini. Ndugu zetu wa Des Moines, Iowa, wana hali kama hiyo, kwani timu yao inacheza katika ukumbi ulio mkubwa hata kuliko wetu. Ndiyo maana naona kwamba bei ya kiti katika ukumbi mkubwa haina budi kuwa ndogo kuliko ya ukumbi mdogo, hata kama jengo ni la kifahari zaidi, kwa sababu shabiki anapungukiwa na wenzake. Santa Cruz, California, wanacheza katika ukumbi wa watu wapatao 2,500 uliojengwa haraka mwaka 2012, na kila ukitazama mechi zao mtandaoni unahisi joto la watu. Udogo ule umekuwa sehemu ya starehe yenyewe.

La pili ni mlango. Siku hizi kumbi nyingi hazipokei fedha taslimu, na tiketi yenyewe iko ndani ya simu. Mgeni aliyefika nchini hivi karibuni, ambaye bado hana kadi ya benki na ambaye simu yake ni moja kwa nyumba nzima, anaweza kuwa na dola 60 mkononi na bado asiingie. Nimeshuhudia katika ukumbi mmoja, si wa hapa kwetu, mzee wa makamo akigeuzwa mlangoni kwa sababu ya mkoba wake, kwani sharti lilikuwa mkoba unaoonyesha vilivyomo ndani, na tangazo la sharti hilo lilikuwa kwa Kiingereza peke yake. Alirudi kwenye gari na mjukuu wake, na robo ya kwanza ikawapita. Yule mzee hatarudi, na wala hakuna punguzo la dola 2 litakalomrudisha.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni tiketi za kikundi. Klabu nyingi zina bei maalumu kwa watu 10 au 15 na kuendelea, na mara nyingi kikundi hupewa jambo la ziada, kama watoto kusimama uwanjani wakati wa wimbo wa taifa, kucheza mechi fupi wakati wa mapumziko, au kupiga picha sakafuni baada ya mchezo. Kanisa letu linapokwenda, mtu mmoja ndiye anayelipa kwa kadi na kupokea tiketi zote, halafu anawagawia wengine. Basi la kanisa linaondoa gharama ya maegesho. Wamama wanapika kabla ya kuondoka, watu wanakula kwanza. Kwa njia hiyo, kiingilio kinabaki kuwa ndiyo gharama karibu yote.

#3 – Dirisha la Tiketi

Wakuu, nimesoma kwa makini. Mimi niliwahi kufanya kazi ya mauzo ya tiketi katika klabu moja ya ligi hii ambayo naomba nisiitaje, kwa hiyo nitaeleza upande wa pili wa dirisha, kisha nitampinga kidogo mleta uzi.

Watu wengi wanadhani klabu inaishi kwa kiingilio. Kiingilio ni sehemu moja tu. Wadhamini wa mji wana uzito mkubwa sana, yaani hospitali, benki na wauza magari ambao mabango yao mnayaona uwanjani, na katika klabu nyingi mmiliki ni timu ya NBA yenyewe, ambayo inaihesabu timu ya chini kama gharama ya kulea wachezaji. Mdhamini anachokinunua ni macho ya watu ukumbini. Hapo ndipo kishawishi cha kugawa tiketi za bure kinapoanzia. Viti vikijaa, mdhamini anafurahi na picha za televisheni zinapendeza.

Nataka kuwaambia kwamba tiketi za bure zinaua soko la klabu kimyakimya. Kwanza, mtu aliyepewa bure hana sababu ya kuja mvua ya theluji ikianza, kwa hiyo nusu ya tiketi hizo hazifiki mlangoni. Pili, aliyepewa bure msimu huu hatakubali kulipa dola 12 msimu ujao, kwa sababu ameshajifunza kwamba thamani ya mechi ni sifuri. Tatu, na hili ndilo lililoniumiza kazini, mwenye tiketi ya msimu mzima, aliyelipa miezi kadhaa kabla, anaketi jirani na mtu aliyepewa tiketi dukani pamoja na risiti ya maziwa. Nilipokea simu za watu kama hao. Walikuwa hawagombani. Walikuwa wanaomba tu kuelezwa kwa nini uaminifu wao umewagharimu zaidi ya wasiojali, nami sikuwa na jibu la kuwapa.

Sasa nampinga mleta uzi. Anasema kupunguza gharama za pembeni ndiyo njia. Lakini chakula na maegesho mara nyingi haviko mikononi mwa klabu. Klabu ni mpangaji. Ukumbi ni wa jiji au wa kaunti, jikoni ni kwa mkandarasi mwenye mkataba wake, na maegesho ni ya mtu mwingine kabisa. Meneja wa timu anaweza kutaka soseji iuzwe dola 2 na bado akakosa mamlaka ya kuamuru. Kitu pekee alicho nacho ni kiingilio, ndiyo maana anakipunguza.

Kuhusu bei zinazobadilika kulingana na mahitaji, msizilaumu zote. San Francisco Giants ya besiboli ilizijaribu mwaka 2009 kwa sehemu ya viti vyake, na mwaka uliofuata ikazitumia uwanja mzima. Tangu hapo zimeenea kila mahali. Katika G League zina mantiki yake siku chache sana. Bronny James, mtoto wa nyota LeBron James, alipoichezea South Bay Lakers, timu ya chini ya Lakers, mechi yake ya kwanza tarehe 9 Novemba 2024, baba yake akiwa ukumbini, mechi ilichezwa katika kituo cha mazoezi huko El Segundo chenye viti vipatavyo 750. Klabu isipopandisha bei siku kama hiyo, mlanguzi ataipandisha yeye, na faida itaishia mfukoni mwake badala ya kulipia mishahara ya vijana wa ofisini.

#4 – Mkazi wa Portland (mleta uzi)

Mkuu Dirisha la Tiketi, nashukuru sana kwa mchango wa mtu aliyekaa ndani. Kuhusu tiketi za bure umenishawishi, hasa kwa hoja ya mwenye tiketi ya msimu. Kuhusu chakula, hata hivyo, naomba nitoe mifano miwili ambayo haiungi mkono kukata tamaa kwako.

Uwanja wa Mercedes-Benz wa Atlanta ulipofunguliwa mwaka 2017, mmiliki wake Arthur Blank aliamua kwamba soseji ya mkate iuzwe dola 2, na soda ya kujaza tena bila malipo ya ziada iuzwe dola 2 pia. Bei za vyakula vikuu zilishushwa kwa takriban nusu ikilinganishwa na uwanja wa zamani. Matokeo ya msimu wa kwanza yalionyesha kwamba matumizi ya kila shabiki kwa chakula katika mechi za Falcons, timu ya mpira wa Kimarekani ya hapo, yalipanda kwa asilimia 16. Watu waliacha kula kwenye magari kabla ya mchezo, wakaingia mapema na wakanunua mara mbili. Tofauti ya Atlanta ni kwamba mkataba wa mkandarasi uliandikwa upya, mwenye uwanja akawa ndiye anayepanga bei na mkandarasi akalipwa kwa kazi yake. Mwishoni mwa mwaka 2024 Phoenix Suns nao wakaanzisha orodha ya vyakula vya dola 2, yaani soseji, maji, soda, bisi na vibanzi vya pakiti. Timu zenye mashabiki matajiri zikiweza kuona faida katika soseji ya dola 2, inakuwaje timu ambazo mteja wao mkuu ni mama mwenye watoto wanne zishindwe?

Najua utasema Atlanta wanamiliki mamlaka ya uwanja wao. Ni kweli. Lakini mkataba wa ukumbi husainiwa upya kila baada ya miaka kadhaa, na siku hiyo klabu ina nguvu ya kuzungumza. Hapa kwetu ukumbi ni mali ya jiji, na madiwani wa jiji wanapigiwa kura na sisi. Kama jiji linaweza kudai maeneo ya wenye ulemavu na milango ya dharura, linaweza pia kudai kwamba angalau vyakula viwili na maji viuzwe kwa bei ambayo mtoto anaweza kununua kwa fedha aliyopewa na bibi yake.

Kuhusu kupandisha bei usiku wa nyota, hapo bado nasita. Shabiki aliyekuja Novemba yote kuangalia vijana wasiojulikana ndiye aliyeshikilia taa isizimike. Akija kufungiwa nje siku mgeni maarufu anapotokea, atajua kwamba alikuwa akihesabiwa kama mteja wa muda tu. Angalau apewe saa 48 za kununua kwa bei ya kawaida kabla dirisha halijafunguliwa kwa wote.

#5 – Kijana wa Ilala

Wakubwa shikamooni. Niko Dar es Salaam, sijawahi kufika huko, lakini nafuatilia ligi hii kwa sababu ya kaka yetu Hasheem Thabeet. Swali langu ni hili: kama tiketi ni dola 12 na NBA watu wanalipa mara kumi ya hiyo, je, mchezo wenyewe haupungui kwa kiasi hichohicho? Nauliza kwa nia njema, maana hapa kwetu kiingilio kikiwa cha chini sana watu hudhani mechi haina maana.

#6 – Mfugaji wa Sioux Falls

Marahaba, kijana. Swali lako ni zuri, na Thabeet ni mfano unaofaa kabisa kulijibu. Alichaguliwa wa pili katika zoezi la timu za NBA kuchagua wachezaji wapya (draft) mwaka 2009, na Februari 2010 Memphis wakampeleka Dakota Wizards, timu iliyokuwa Bismarck, North Dakota. Hadi wakati ule hakukuwa na mchezaji aliyechaguliwa katika nafasi ya juu kama yake aliyewahi kuteremshwa huko. Baadaye alipita timu nyingine za ligi hii, Rio Grande Valley na Grand Rapids, na mwaka 2020 akarejea kujaribu tena na Fort Wayne. Maana yake, watu wa Bismarck, mji wa baridi kali usio na timu yoyote ya NBA karibu, walimwona Mtanzania wa futi saba akicheza mbele yao kwa kiingilio cha ligi ya chini. Jonathan Kuminga, kijana wa Goma, naye alivaa jezi ya Ignite, timu ya vijana iliyokuwa katika ligi hii, na kisha ya Santa Cruz mwaka 2021. Tofauti ya kiwango ipo, hasa katika ulinzi, kwa sababu vijana wanabadilishwa kila wiki na hawajazoeana. Ila nguvu wanazoweka hazina mfano. Msimu wa 2024–25 mshahara wa kawaida wa mchezaji ulikuwa dola 43,000 kwa msimu mzima, na kila mmoja wao anajua kwamba skauti yuko jukwaani.

Kuna jambo ambalo shabiki wa hapa analipata na wa NBA halipati. Tangu msimu wa 2019–20, mchezaji akichezewa rafu na kupewa mitupo huru, anarusha mara moja tu, na mtupo huo unabeba thamani ya yote, pointi moja, mbili au tatu. Utaratibu wa zamani unarudi dakika mbili za mwisho. Mwenye watoto wadogo anajua faida yake, kwa sababu mechi inakwenda haraka na watoto hawasinzii kabla ya robo ya nne.

Mimi niko Sioux Falls, South Dakota. Skyforce wapo tangu 1989, walianzia ligi nyingine iliyokufa wakahamia hii mwaka 2006, na wanacheza Sanford Pentagon, ukumbi wa watu 3,250 uliofunguliwa mwaka 2013 na kupambwa kwa mtindo wa kumbi za miaka ya 1950. Kwa hiyo huku kwetu watu wamerithishana viti. Lakini naomba wenzangu msisahau jambo zito kuliko soseji: timu inaweza kuondoka. Fort Wayne walikuwa na Mad Ants tangu 2007, wakatwaa ubingwa mwaka 2014 wakiwa bado mikononi mwa wawekezaji wa mji huohuo. Mwaka uliofuata Pacers, timu ya NBA ya Indianapolis, wakainunua, na mwaka 2023 wakaihamisha kuipeleka karibu nao. Leo iko Noblesville, kwa jina jingine, katika ukumbi mpya. Erie, Pennsylvania, walipokonywa timu mara tatu, kuelekea Lakeland mwaka 2017, kisha College Park mwaka 2019, kisha Birmingham mwaka 2021. Mashabiki wa miji hiyo hawakukosea lolote. Wenye timu walitaka timu ya chini iwe karibu zaidi na ya juu.

Ndiyo maana mimi nikiulizwa kuhusu bei, nasema tiketi ya msimu isiuzwe kama mkopo wa shabiki kwa klabu bila dhamana. Anayelipia msimu mzima mbele ya wakati apewe haki iliyoandikwa: asibandikiwe bei mpya kwa miaka kadhaa, na timu ikihama arudishiwe fedha ya mechi zilizobaki bila kuombaomba.

#7 – Mama Lubumbashi (Grand Rapids)

Mzee wetu wa Sioux Falls, maneno yako yamenigusa. Wapo kati yetu waliokimbia miji yao, na kuona timu ikiondoka mjini siyo jambo dogo kwao kama wenyeji wanavyodhani. Kwa kijana wa Ilala, naongeza kwamba kuna mechi za mchana siku za shule. Klabu nyingi huweka moja au mbili kwa msimu, zinaanza saa nne na nusu au saa tano asubuhi, na shule hununua viti kwa bei ya chini sana. Kelele ya watoto elfu tatu huwezi kuilinganisha na kitu chochote. Mwanangu alirudi nyumbani siku hiyo akitaka kujua ratiba yote. Mtoto ndiye aliyeileta familia, na sisi tukafuata.

#8 – Dirisha la Tiketi

Mama yangu, umesema kweli, na takwimu tulizokuwa nazo ofisini zilielekea hukohuko ingawa sina ruhusa ya kuzitoa. Mleta uzi, kuhusu saa 48 za upendeleo kwa mashabiki wa kudumu nakubaliana nawe. Ni jambo ambalo mfumo wowote wa tiketi unaweza kulifanya kwa namba ya siri, na halihitaji idhini ya mwenye ukumbi wala ya mkandarasi.

#9 – Mkazi wa Portland (mleta uzi)

Nawashukuru wote. Kwa wanaokwenda msimu huu, nakusanya yaliyosemwa kwa matumizi. Pigeni simu ofisi ya klabu kabla ya kununua mtandaoni, muulize kama dirisha la ukumbini linatoza ada, kwa maana katika kumbi nyingi halitozi au linatoza kidogo. Mkiwa 10 au zaidi, ombeni bei ya kikundi hata kama hamna kanisa wala shule, kwani familia tatu zinatosha. Someni sharti la mikoba na la fedha taslimu, na mkiwa na mgeni asiyejua Kiingereza mtafsirieni kabla hamjatoka nyumbani. Kuhusu viti, msikimbilie vya pembeni mwa benchi kwa bei ya juu. Katika ukumbi wa watu 3,000, safu ya saba au ya nane nyuma ya goli inaonyesha mchezo mzima na watoto wanapata nafasi ya kusimama.

Kwa wa hapa Portland, mkataba wa ukumbi na bei za vyakula ni mambo yanayoweza kuulizwa kwenye vikao vya wazi vya baraza la jiji. Nitawaandikia humu tarehe ya kikao kijacho kinachogusa Expo, na atakayekuwa tayari kuzungumza kwa Kiswahili kupitia mkalimani anijulishe mapema ili niombe nafasi yake.

#10 – Mama Lubumbashi (Grand Rapids)

Andika na maswali utakayowauliza, ndugu. Na sisi huku tutayapeleka kwa wenye ukumbi wetu.